Kanga Yako ya Salfa

Mama,

Shikamoo. Nianze na la aibu, maana wewe ndiye uliyenitawaza na sina mwingine wa kumwambia hili bila kuchekwa. Choo chetu kinanukia. Ndiyo, choo, kile cha shimo nyuma ya nyumba hapa Nachingwea, ambacho wapangaji wenzangu wanaingia wameziba pua na kutoka mbio. Mimi nikiingia napata harufu ya maandazi, mate yananijaa mdomoni. Halafu nikitoka, nikipita karibu na jiko la jirani anayekaanga vitunguu, natapika hapo hapo. Ptuu! Hata kuandika neno kitunguu koo linapanda.

Haya, cheka. Najua unacheka na mkono umeuweka kiunoni. Ukimaliza nisikilize, kwa sababu hili jambo nusura linipokonye mtoto.

Ulipoondoka nilikuwa na tumbo kubwa, na ulikuwa ukiliwekea mkono unasema aliyemo humu ni mkaidi. Basi alikuja masika, wa kike, na kweli ni mkaidi. Tumempa jina lako. Nyumba nzima inamwita Bibi Somoe, na mimi ambaye sijazoea kulitaja jina lako ovyo namwita Mama. Ana paji lako la uso. Akinyimwa ziwa anakunja midomo vilevile ulivyokuwa ukiikunja ukisikia bei ya korosho redioni.

Alikuwa bado mchanga nikashikwa na mafua. Sikuyajali, mafua ni mafua. Yalipopona, pua ilikuwa imekufa. Uji, mchuzi, sabuni, moshi, vyote havina habari, nikawa nakula kama natafuna pamba. Mama mkwe akasema itarudi yenyewe. Ufuta ulipoanza kukatwa, ikarudi. Loo, afadhali ingebaki imekufa! Nisamehe, najua neno hilo si la kukuandikia wewe.

Nitakuelezaje harufu niliyoipata? Si ya samaki aliyeoza. Si ya yai viza wala ya panya aliyefia darini. Chukua hivyo vyote, vipike pamoja kwenye sufuria iliyoungua, kisha mtu apite amwage mafuta ya taa juu yake. Hiyo ndiyo kahawa yangu sasa. Hiyo ndiyo dawa yangu ya meno, ufuta unaokaangwa, kuku wa kuchoma, hata jasho langu mwenyewe. Na korosho, Mama. Mimi mtoto wa Narung'ombe, niliyekulia chini ya mikorosho yako, nakaangiwa korosho nakimbia kama nimefukuzwa na nyuki! Nilikaa uani nikalia kwa hasira, si kwa huzuni. Nilijiona nimetukanwa.

Mkweo bado anakaanga chipsi pale stendi. Unamjua alivyo mpole. Akirudi jioni, kwa mtu mwingine ananukia chakula. Kwangu mimi ameingia na mzoga begani. Akaanza kuoga bombani kwa jirani kabla hajafika mlangoni, na sabuni nayo ikawa inanuka, akaacha sabuni akajisugua kwa mchanga mpaka akachubuka shingo. Bado alinuka. Nikamwambia, "Baba Somoe, usinisogelee," na uso alioufanya siwezi kukuandikia.

Mama mkwe kwanza alisema ni mimba. "Mimba juu ya mimba, mtoto hajakaa!" Akaieneza mtaa mzima. Ilipoonekana si mimba, akasema ni jini, kwa sababu mtu gani mwenye akili zake anachukia harufu ya pilau? Akaleta chetezo, akanifunika shuka gubigubi na kunifukiza ubani. Mama weee! Ule ubani ulinijia kama nywele zinaungua ndani ya pua yangu. Nikaruka na shuka lake, nikapindua chetezo, nikatapika kwenye mkeka. Basi ikawa ushahidi. "Mmeona? Jini halitaki ubani!" Wakaongeza. Wallahi walinifukiza mpaka nikasema jina la jini nililolibuni mwenyewe ili waniachie, na mpaka leo wifi zangu wananisalimia kwa uangalifu.

Mwisho mkweo akafunga kibanda siku moja akanipeleka kwa daktari. Binti mdogo tu, ana miwani, hana haraka. Alinifunga macho kwa kitambaa akaniletea vitu puani kimoja kimoja. Limau, nikasema mzoga. Karafuu, nikasema mzoga. Mchaichai, mzoga. Kikombe kitupu, nikasema hapa hamna kitu. Akafurahi, akasema pua yangu haiongopi, inajua kitu kipo na inajua kitu hakipo. Akanieleza kwamba kunusa kuna kazi mbili. Pua inapokea, halafu inatuma habari kichwani, na kichwa ndicho kinachosema hili ni limau, hili ni hatari. Mafua yamekata nyuzi zinazobeba habari. Sasa zinaota upya, nyingine bado ni chache, nyingine zimejishikiza pasipo pake. Habari inafika nusu, na kichwa kikipata habari nusu nusu kisichoielewa, kinapiga kelele ya sumu ili kikulinde. Hii kero yote ni kichwa changu kinanionea huruma!

Nikamuuliza mbona basi choo kinanukia. Akacheka kidogo, akasema uvundo nao ni harufu nyingi zilizochanganyika, na zile kali katika mchanganyiko huo mimi sizipati, napata zilizobaki tu. Dawa ya kumeza hana. Alichonipa ni zoezi: kila asubuhi na jioni ninuse vitu vilevile, taratibu, huku nikikumbuka kwa nguvu vilikuwaje zamani. Kichwa kikumbushwe. Nikamuuliza kitachukua muda gani, akasema hajui, wengine miezi, wengine zaidi. Nilimpenda kwa kutonidanganya.

Sasa nifike kwenye lile lililokuwa linaniua.

Kila anayempakata Bibi Somoe anainama, anavuta pumzi utosini, anafumba macho. Majirani wanafanya hivyo, baba yake ndiyo usiseme. Hata konda mmoja wa pale stendi, asiye na adabu, alifanya. Mimi utosi huo huo unanipa ile sufuria iliyoungua. Mwanangu, Mama! Nikimnyonyesha nafunga leso puani, napumua kwa mdomo, na mate machungu yakinijaa nageuka pembeni natema. Yeye ananitazama. Anaona macho mawili juu ya kitambaa na hajui mama yake ana mdomo wa namna gani. Nikaanza kumchelewesha ziwa. Nikaanza kusema ampakate bibi yake kidogo, nina kazi. Kazi gani? Kukaa uani mbali naye, basi.

Na kinyesi chake, nisamehe, ndicho kilichokuwa kinanukia. Siku moja mama mkwe akaingia bila hodi akanikuta nimeinamia nepi chafu, nimeizika pua, navuta pumzi na machozi yananitoka. Kwa sababu ilikuwa harufu pekee ya mwanangu niliyoweza kuivumilia, unanielewa? Yeye hakuelewa, na hata mimi ningekuwa yeye nisingeelewa. Akasimama akishika mlango. "Mama gani anamzibia mwanawe pua halafu ananusa mavi yake?" Akampakata mtoto akatoka naye. Jioni akatangaza mbele ya mume wangu kwamba ufuta ukishauzwa, mtoto anamchukua yeye, atamlea kwa maziwa ya ng'ombe, na mimi nitibiwe kwanza. Mume wangu aliendelea kumenya viazi. Alimenya kimoja mpaka kikabaki kama gololi.

Ndipo nikaomba nije nyumbani, Narung'ombe, angalau huo muda uliobaki niwe naye peke yangu. Safari ya basi mpaka Ruangwa nisikusimulie, mtu wa nyuma yangu alikuwa na mihogo ya kukaanga. Mama Mdogo akatupokea vizuri mno, alikuwa ametuchomea kuku. Nikamtapikia kizingitini kabla ya salamu. Akamtazama yule kuku, akanitazama mimi, akasema, "Umetoka Nachingwea yote hiyo kuja kutapika kwangu?" Lakini alichukua jembe akafukia, kisha akanipikia wali mweupe usio na chochote, na ukipoa huo naweza kuula. Wewe na mdogo wako mna mdomo mmoja na moyo mmoja.

Unaikumbuka kanga yako ya salfa? Ile uliyojifunga ukiipulizia mikorosho dawa ya ukungu, iliyokuwa nyekundu ikawa haina rangi ya kuitaja. Ulikuwa unajifunga nayo kichwa na mdomo, unarudi kutoka shambani macho mekundu, vumbi la njano kwenye nyusi, na huo uvundo wa kiberiti umekutangulia mlangoni. Nilikuwa nikikusikia tu naziba pua na kukimbia nyuma ya banda. "Mama ananukaaa!" Na wewe na uchovu wako wote unatua mashine ya kupulizia kutoka mgongoni, unanifukuza kuzunguka nyumba mpaka unanikamata, unanibana uso ndani ya ile kanga mpaka nakohoa. "Nusa! Nusa vizuri! Hii ndiyo sare yako ya shule." Nilikuwa nalia kwa kinyaa huku nacheka. Harufu hiyo niliichukia kuliko zote duniani.

Kwenye msiba wako ndiyo ilichezewa. Mtani wetu Bi Rukia, yule Myao, aliikuta inaning'inia jikoni, akajifunga kichwani kama wewe, akabeba pipa tupu mgongoni akaanza kutupulizia waombolezaji mmoja mmoja. "Nipisheni, Somoe anapuliza, msimu umefika!" Anakohoa kikohozi chako. Watu walikuwa wanalia wakaanza kucheka, wengine wakashindwa waendelee na lipi. Mimi nilimchukia na kumpenda kwa wakati mmoja. Alipochoka akaitupa, na arobaini ilipofika tukagawana nguo zako, doti zako nzuri zilikwenda kwa dada na shangazi, hiyo hakuna aliyeigusa. Inanuka, wakasema. Mama Mdogo akaitandika kwenye banda la kuku, watagie.

Basi wiki ya pili niko huku, Mama Mdogo akanituma mayai. Nikajikunja nikaingia bandani, na humo, kwa pua yangu hii ya kichaa, kinyesi cha kuku kilikuwa kinanukia tena, nikasema sawa, leo nimefika mbinguni. Nikaingiza mkono chini ya yule tetea mweusi nikavuta tambara ili mayai yasogee. Harufu ikanipiga.

Inanuka! Mama, inanuka! Kiberiti, kali, inawasha puani mpaka machoni. Haikupinda, haikupitia kwenye sufuria yoyote iliyoungua. Salfa inanuka salfa. Nilikaa chini kwenye mavi ya kuku, tambara usoni, nikavuta tena nikaogopa itageuka, haikugeuka. Nikavuta nikakohoa. Nikakusikia unatua mashine nje. Sijalia hivyo tangu siku ile ulipofunikwa udongo. Tetea ananidonoa kichwa, mayai mawili yamepasuka chini yangu, Mama Mdogo anakuja mbio akidhani nimeumwa na nyoka. "Hilo tambara la kuku? Litoe puani, mwendawazimu we!"

Alinikataza kulisogeza karibu na mtoto, akasema vumbi la salfa si la kifua kichanga, na alikuwa na haki. Nikaikung'uta mbali na nyumba, nikailoweka, nikaifua, nikaianika, nikaifua tena, mpaka maji yakatoka meupe na vumbi hakuna. Ulikuwa ukisema salfa haitoki hata uifue vipi, na ulikuwa ukilisema hilo kwa kulalamika. Haikutoka. Ilibaki kidogo, ndani ya nyuzi. Nikajitanda mabegani, nikamchukua Bibi Somoe nikamweka ziwani bila leso.

Nilisubiri mzoga, na ulikuja. Lakini mbele yake ilikuwepo salfa, imesimama wima, na ule uozo ukawa nyuma kidogo, kama mgeni aliyekuta kiti kina mtu. Niliweza kukaa. Niliinamisha uso kwenye mkunjo wa kanga, shavu likagusa utosi wake, na sikutema. Yeye akaacha kunyonya. Akanikodolea macho, maana alikuwa hajawahi kuuona uso wangu wote kwa karibu hivyo. Akanyoosha mkono akaikamata pua yangu, hiyo hiyo mbovu, akaivuta kwa kucha. Iliniuma sana na sikuitoa mkononi mwake.

Tangu hapo ndiyo zoezi letu. Limau na karafuu nimempa Mama Mdogo apikie. Nanusa kanga yako kwanza, nakiambia kichwa: hiyo ni salfa, umepatia. Halafu nashuka utosini kwa mtoto, nakiambia: na huyu ni mwanao, jaribu tena. Siku nyingi kinakataa.

Ufuta ukauzwa. Mama mkwe akafika kama alivyoahidi, na chupa ya maziwa kwenye kikapu. Alinikuta kibarazani namnyonyesha, nimejitanda. Alikuja moja kwa moja kumchukua mtoto, akainama, kisha akarudi nyuma ghafla na kuziba pua kwa ncha ya mtandio. "Yallah! Hii kanga inanuka nini?"

Mama, tangu mafua yale hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kunusa nilichonusa mimi. Wakisema kinanukia, kwangu kinaoza. Wakiziba pua, mimi mate yananijaa. Nimekuwa mgeni nyumbani mwangu, chunguni mwangu, kifuani kwa mume wangu. Na sasa mama mkwe amekunja uso, ameshika pua, na nilichokinusa mimi ndicho alichokinusa yeye. Nilicheka mpaka mtoto akatikisika. "Ndiyo, mama, inanuka!" nikamwambia. "Inanuka sana! Ni salfa!" Akanitazama, akamtazama mtoto aliyekuwa anavuta ziwa kwa tamaa bila habari nasi, pua yake imegusana na ngozi yangu na hakuna leso kati yetu. Alikaa kwenye kigoda, mbali kidogo, upande wa upepo. Kikapu akakiweka chini, na mtoto hakumwomba tena. Maziwa aliyokuja nayo aliyanywa Mama Mdogo kwenye chai. Kesho yake alipoondoka alimbusu mtoto kwanza kisha mimi, na akasema nirudi Nachingwea nikiwa tayari, lakini hilo dude niwe nalitundika nje ya dirisha.

Kwa hiyo nitarudi, Mama. Sijapona, usije ukadhani. Jana nilijaribu kitunguu nikajuta. Mkweo bado ni mzoga akirudi kutoka stendi, ila ameniambia kwenye simu kwamba yuko tayari na yeye kujitanda salfa, na sauti yake haikuwa ya utani. Na juzi asubuhi, sina uhakika, nilikuwa nimeinama utosini kwa Bibi Somoe, na chini kabisa ya ule uozo kikapita kitu kidogo, kama maziwa yaliyokauka kwenye nguo. Kikapotea kabla sijakishika.

Kinachonitisha ni kanga yenyewe. Kila nikiifua inapungua, na nisipoifua, mtoto ameshaicheulia maziwa. Itafika siku haitakuwa na kitu. Nimezungumza na Mama Mdogo kuhusu mikorosho yako, ile ya upande wa bondeni ambayo mwaka huu haikupata mpuliziaji. Msimu ujao nitakuja kuipuliza mwenyewe, na mashine yako, na kanga hii hii kichwani, mtoto nikimwacha mbali na vumbi. Nakuahidi. Nitarudi nyumbani nina macho mekundu na nyusi za njano.

Lala salama, Mama. Siku Somoe atakapoziba pua na kukimbilia nyuma ya banda akipiga kelele kwamba mama yake ananuka, nitatua mashine, nitamfukuza kuzunguka nyumba mpaka nimkamate.

Mwanao,
Hadija